Watoto wa Karema na Watoto wa Sitalike: Habari za Mafundisho ya Dini katika Nchi ya Katavi

Wasomaji wetu walio mapadre, masista na walimu wa dini wajua vema ya kuwa mtoto aweza kuyajibu maswali yote ya katekisimu pasipo kukosa hata neno moja, na bado asijue amejibu nini. Malalamiko hayo si mapya, wala si ya nchi hii tu. Walakini katika nchi ya Katavi, kuanzia Karema ufukoni mwa Ziwa Tanganyika mpaka Mpanda, na kutoka Mpanda kwenda kusini mpaka Sitalike kando ya mto Katuma, malalamiko hayo yana historia yake. Njia ya kufundisha ambayo walimu wetu wameirithi haikuzaliwa katika vijiji hivi. Ilizaliwa mahali pengine, kwa ajili ya watoto wa namna nyingine, ndipo ikaletwa huku. Kwa kuwa jambo hilo halikumbukwi sana, tumeona vema kulieleza, na pamoja nalo kuyapima maneno machache ya Kiswahili ambayo mtoto hupewa ayakariri.

Mapadre Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Mkuu Charles Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868, walitoka Bagamoyo kwa mara ya kwanza mwaka 1878. Walipofika Tabora wakagawanyika: wengine walishika njia ya Nyanza, wengine ya Ujiji, wakaliona Ziwa Tanganyika mwezi wa Januari 1879. Miaka yao ya kwanza ziwani ilikuwa miaka ya makaburi. Huko Rumonge, upande wa Burundi, mapadre wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa mwaka 1881. Karema wakati ule haikuwa misioni. Ilikuwa ngome, iliyoanzishwa mwaka 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Mfalme Leopold II. Baada ya mkutano wa Berlin mfalme huyo alizielekeza nguvu zake zote Kongo, na mwaka 1885 akawaachia mapadre vituo vyake viwili vya ziwani: Mpala ng'ambo, na Karema upande wetu. Basi watoto wa kwanza waliofundishwa sala katika nchi hii walifundishwa ndani ya kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki.

Nao walikuwa watoto wa nani? Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Wengi wao hawakuwa watoto wa Wabende wala wa Wapimbwe waliokaa jirani. Walikuwa watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliotekwa katika vita vya ng'ambo ya ziwa au njiani, wakanunuliwa na mapadre kwa vitambaa na fedha iliyotoka Ulaya. Sehemu ya fedha hiyo ilitolewa na watoto wenzao. Askofu Charles de Forbin-Janson wa Nancy, Ufaransa, alianzisha mwaka 1843 chama cha Utoto Mtakatifu, ambacho watoto wa Kikristo walitoa humo sarafu ndogo ndogo na kuwaombea watoto wa nchi za mbali. Chama hicho hicho, ambacho tangu mwaka 1922 ni Shirika la Kipapa, ndicho ambacho watoto wa parokia zetu leo huvaa skafu zake na kuimba katika sikukuu zake. Watoto wachache sana huambiwa ya kuwa wazee wa Karema walikombolewa kwa sarafu za chama chao.

Tendo la kuwanunua watu ili kuwakomboa lilikuwa na pande mbili, na mapadre wenyewe walilijua hilo. Mtoto aliokoka, lakini mwenye kuuza alipata mnunuzi. Tena, mtoto aliyekombolewa hakuwa na pa kurudi, wala hakuulizwa kama ataka kufundishwa. Hatusemi hivyo ili kuwalaumu waliozikwa Karema kwa homa wakiwa bado vijana. Twasema kwa sababu jambo hilo liliacha alama katika namna ya kufundisha.

Lavigerie, aliyefanywa kardinali mwaka 1882, alikuwa ameweka kanuni nzito kuhusu mafundisho. Mtu mzima aliyetaka kubatizwa alipaswa kungoja miaka 4: miwili ya kuomba na miwili ya ukatekumeni, isipokuwa katika hatari ya kufa. Kuhusu watoto alitaka waachwe katika chakula, mavazi na nyumba za nchi yao, wasigeuzwe kuwa Wazungu. Na wamisionari waseme lugha ya wenyeji. Wachache miongoni mwa vijana waliokombolewa alitaka wawe matabibu, ili waishi na kufundisha kati ya watu. Mmoja wao twamjua vema. Adrian Atiman, aliyezaliwa upande wa Timbuktu, akatekwa akiwa mtoto, akakombolewa jangwani na Mapadre Weupe, alisomea utabibu kisiwani Malta, akafika Karema mwaka 1889 akiwa tabibu na katekista. Alikaa Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Wazee wengi wa nchi hii walizaliwa, wakatibiwa na kuzikiana wakimwona yeye. Twamtaja kwa sababu yeye alikuwa mtoto wa namna ile ile, aliyefundishwa mbali na mama yake katika lugha isiyo ya mama yake.

Sasa mwalimu afikirie hali ya watoto wa Karema. Hawakuwa na bibi wa kuwasimulia habari jioni. Walitoka katika makabila mengi, hivyo Kiswahili cha misafara kikawa lugha yao ya pamoja, ingawa kwa wengi kilikuwa lugha ya yule aliyewafunga kamba. Kengele iliwaamsha, kengele iliwaita kwenye sala, shambani, kwenye mafundisho na kulala. Walikariri swali na jibu kila siku. Lakini jibu lile halikusimama peke yake. Mtoto aliyejibu kwamba Mungu ni Baba alikuwa amekula asubuhi ile chakula cha watu waliomchukua kama mwana. Aliyejibu habari za Sakramenti ya Ndoa aliwaona vijana waliomtangulia wakifungishwa ndoa na kupewa shamba katika kijiji cha Kikristo. Jibu liliweza kuwa fupi kwa sababu maisha yote ya misioni yalikuwa maelezo yake. Hata aliyekariri bila kuelewa alielewa baadaye, maana hakuwa na mahali pengine pa kukaa ila ndani ya jambo lile lile alilolikariri.

Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeliongoza jimbo la kitume la Tanganyika tangu mwaka 1891 mpaka kufa kwake huko Karema mwaka 1917, ndiye aliyeyatoa mafundisho nje ya kuta. Katika wakati wake misioni ziliongezeka ufukoni na Ufipani, masista wa Kiafrika wakaanza Karema, na walimu wa dini wakatumwa vijijini. Walimu hao wengi walikuwa matunda ya Karema au wanafunzi wa matunda hayo. Nao walichukua nini? Walichukua walichonacho: kengele, au kipande cha chuma kilichotundikwa mtini; na maswali pamoja na majibu yake. Maisha ya Karema hawakuweza kuyabeba mabegani. Basi jibu fupi lilifika kijijini peke yake.

Kijijini lilimkuta mwalimu mwingine. Mtoto wa Kipimbwe, wa Kibende au wa Kikonongo alikuwa na bibi yake, na moto wa jioni, na hadithi. Ufipani, mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa alikaa kwa bibi na babu, na alipokua kidogo alilala katika nyumba za vijana, mbali na wazazi wake. Mwanahistoria Kathleen Smythe, ambaye kitabu chake juu ya jamaa za Wafipa kilitoka mwaka 2006, ameonyesha ya kuwa desturi hiyo ndiyo iliyowarahisishia wazazi kuwaruhusu watoto wakae misioni: padre alishika nafasi ambayo tangu zamani haikuwa ya baba wala ya mama, bali ya babu. Maelezo haya twayaona kuwa ya kweli, tena yatufundisha kitu. Mahali ambapo misioni ilisimama katika nafasi ya babu, ilifaulu. Mahali ambapo katekista alikuja mara moja kwa juma na kijiti mkononi, hakuwa babu wala baba, alikuwa mgeni.

Watu husema ya kuwa kukariri maswali na majibu ni desturi ya kigeni. Si kweli kabisa. Mtoto wa kwetu amezoea kuulizwa na kujibu: "Kitendawili!" "Tega!" Anajua ya kuwa jibu ni moja tu, nalo halibadiliki, nalo hupokewa kwa wakubwa. Kwa hiyo umbo la katekisimu halikumshangaza. Tofauti iko mahali pengine. Katika kitendawili, asiyejua jibu hutoa mji, wenzake hucheka, naye hupewa jibu na kulifurahia, kwa kuwa amekwisha kuhangaika nalo. Katika darasa la katekista, asiyejua jibu alipewa fimbo. Tena katika kitendawili mtoto huona jambo lenyewe kwanza: yai, nyuki, moshi, kaburi. Swali lamrudisha kwenye kitu anachokijua. Swali la katekisimu lilimpeleka kwenye neno, na neno lenyewe mara nyingi lilikuwa limetoka mbali.

Tuyatazame basi maneno hayo, maana hapo ndipo mwalimu wa Sitalike hukwama hata leo.

Neno *fumbo* ndilo tulilopewa kwa siri kuu za imani. Ni neno zuri, lakini lina mkia. Fumbo la Kiswahili hufumbwa ili lifumbuliwe. Methali husema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Mtoto akiambiwa ya kuwa Utatu Mtakatifu ni fumbo, asikia ya kuwa kuna mwerevu mahali fulani aliyekwisha kuligangua, na kwamba padre alijua jibu lakini hataki kulitoa. Mwalimu asipoeleza tofauti, mtoto hungoja jibu mpaka anapokuwa mtu mzima, kisha huacha kungoja.

Neno *nafsi* lina hatari nyingine. Mtoto hufundishwa Nafsi tatu za Mungu, ambazo Baba ni ya kwanza, Mwana ni ya pili na Roho Mtakatifu ni ya tatu. Siku hiyo hiyo, katika kipindi cha Kiswahili, hufundishwa nafsi tatu za sarufi: mimi ni ya kwanza, wewe ni ya pili, yeye ni ya tatu. Si ajabu mwanafunzi mwenye akili akazichanganya, na kwa kweli hata wanasarufi wa Kilatini walitumia neno moja kwa mambo hayo mawili. Kwa mwalimu aliye macho kuna mlango hapa: aweza kuwaonyesha watoto ya kuwa *mimi* na *wewe* hazisemwi na mtu aliye peke yake. Lakini afanye hivyo kwa uangalifu, asije akafundisha sarufi badala ya imani.

*Roho* ni neno lililobeba mizigo mingi kupita kiasi. Mtu ana roho itakayoishi milele. Jirani mchoyo ana roho mbaya. Mlafi husemwa ana roho. Na juu ya hayo yote yuko Roho Mtakatifu. Herufi kubwa yatenganisha mambo hayo katika kitabu, lakini masikioni hakuna herufi kubwa.

Kwa upande mwingine, *neema* ni neno ambalo walimu hulilalamikia bure. Wanasema kwamba watoto hulifahamu kuwa mvua na mavuno tu. Na iwe hivyo. Katika nchi ambayo mto Katuma hukauka mpaka viboko husongamana katika madimbwi machache karibu na Sitalike, kisha mvua ya kwanza hugeuza kila kitu, mtoto ajuaye ya kuwa neema ni kitu kishukacho bila kununuliwa amekwisha kujua sehemu kubwa ya somo. *Kipaimara* nalo ni neno lililoundwa kwa akili: kitu kinachompa mtu uimara. Mtoto alisikiapo mara ya pili hulielewa mwenyewe. *Komunyo* na *sakramenti* hazina maana yoyote masikioni mwa mtoto, na wengine wamependekeza tuziache. Sisi twaona chungu kitupu chaweza kuwa bora kuliko chungu chenye chakula cha mwingine, kwa sababu mwalimu aweza kukijaza.

Tofauti ya *Kristu* na *Kristo* twaipita upesi. Wakatoliki walishika sauti ya Kilatini, ndugu zetu Waprotestanti wakashika nyingine, na watoto wa darasa moja hutambuana madhehebu kwa irabu moja.

Lakini neno lenye kisa kirefu kuliko yote ni *mkate*. Mwaka 1910, tarehe 8 Agosti, Baba Mtakatifu Pius X alitoa amri iitwayo Quam singulari, kwamba watoto wapewe Komunyo ya kwanza wafikapo umri wa kutambua, yaani kama miaka 7. Kabla ya hapo watoto waliwekwa mpaka umri wa miaka 10 au 12 au zaidi. Amri hiyo haikudai mtoto ajue mafundisho yote. Ilidai ajue siri zile kubwa kwa kadiri ya akili yake, na aweze kutofautisha mkate wa Ekaristi na mkate wa kawaida. Ulaya kipimo hicho kilikuwa rahisi na chenye huruma: kila mtoto alikuwa na mkate wa kawaida mezani. Katika vijiji vya Upimbwe na Ubende watu walikula ugali wa mtama, wa ulezi na wa mahindi. Si vigumu kukisia ya kuwa watoto wengi walipokea mkate wa Ekaristi kabla hawajaonja mkate mwingine wowote. Tofauti waliyotakiwa kuijua haikuwapo. Kwao mkate ulikuwa kitu cha kanisani tu, na yule aliyesali Baba Yetu aliomba kila siku kitu ambacho hakukila. Twafahamu walimu waliosema *chakula* wakati wa kueleza, na *mkate* wakati wa kusali. Hiyo ni njia ya busara, maana sala ni ya Kanisa zima, bali maelezo ni ya mtoto aliye mbele yako.

Amri ya mwaka 1910 ilileta matokeo mengine pia. Mtoto wa miaka 7 hajui kusoma. Kabla yake katekista alifundisha kusoma na imani pamoja, na kitabu kilikuwa kama fimbo ya kutembelea. Sasa ilimpasa kuwafundisha wadogo wasio na kitabu, kwa midomo tu, katika Kiswahili ambacho wengi wao walikuwa hawajakizoea. Kukariri kukaongezeka wakati ule ule ambapo Baba Mtakatifu alitaka kupunguza mzigo.

Kisha ukaja wakati wa kuhamishwa. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wengi wa nchi za magharibi katika makao mapya kwa sababu ya malale, ugonjwa uletwao na mbung'o. Vijiji vilivyotawanyika porini viliachwa. Nchi kubwa iliyozunguka Ziwa Katavi, ambayo tangu mwaka 1974 ni Hifadhi ya Taifa, ilibaki kwa wanyama. Kwa katekista kuhamishwa huko kulikuwa na faida, kwa kuwa watoto walikuja kukaa karibu. Kwa babu na bibi kulikuwa hasara: makaburi, miti na vijito vilivyobeba hadithi zao vilibaki nyuma.

Hapo hatuna budi kusema neno juu ya Katabi. Penye Ziwa Katavi uko mkwaju, ambao wenyeji husema ndimo akaamo roho wa Katabi, mwindaji mkuu wa zamani, na jina lake ndilo lililopewa ziwa, hifadhi, na tangu mwaka 2012 mkoa wenyewe. Watu wamepeleka sadaka kwenye mkwaju huo wakiomba mvua na mawindo. Katekista wa zamani alimfundisha mtoto kwa neno moja tu kuwa hiyo ni ibada ya mizimu, akapita. Mtoto naye akajifunza kunyamaza mbele ya katekista. Mwalimu wa leo, ambaye wanafunzi wake huandika jina la Katavi juu ya kila daftari kama anwani ya mkoa wao, hawezi kupita kwa neno moja. Twafikiri afadhali mtoto aulizwe kwanza bibi yake amemwambia nini, kisha afundishwe Amri ya kwanza, kuliko kufundishwa Amri hiyo kana kwamba bibi hakusema kitu.

Mwaka 1927 serikali ya Tanganyika ilitoa sheria ya elimu iliyotaka shule na walimu waandikishwe, nazo shule zenye kutimiza masharti zikapewa msaada wa fedha. Mwaka uliofuata Mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, alikutana na maaskofu mjini Dar es Salaam, akawahimiza washirikiane na serikali kwa nguvu zote. Na kama hawawezi kuyatimiza yote mawili, walitunze jengo la shule kabla ya jengo la kanisa. Shauri hilo lilizaa walimu, waganga na hata viongozi wa nchi. Lakini katika vijiji vya mbali lilimgawanya mtu mmoja kuwa wawili. Zamani aliyefundisha kusoma ndiye aliyefundisha sala. Sasa palikuwa na mwalimu mwenye cheti na mshahara, na katekista asiye na cheti, aliyelipwa kidogo au kwa mahindi. Watoto huona upesi nani ana baiskeli. Bila mtu yeyote kukusudia, mafundisho ya dini yakawa somo la mtu maskini.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizichukua shule za madhehebu zikawa za taifa. Wengi waliogopa ya kuwa imani ya watoto itakufa. Haikufa. Serikali iliacha nafasi ya vipindi vya dini, kila dhehebu lifundishe watoto wake. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka kila mtoto asome, na vijiji vya ujamaa vikakusanya watu tena. Shule zikawa nyingi kuliko makatekista. Zamani shida ilikuwa kuwapata watoto. Sasa watoto walikuwapo darasani kwa mamia, na aliyekosekana ni mwalimu.

Mambo mawili yaliyasaidia mafundisho wakati huo, nayo hayakutoka shuleni. La kwanza ni Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliomalizika mwaka 1965. Misa ikawa kwa Kiswahili, hivyo mtoto akayasikia altareni maneno yale yale aliyoyakariri, yakitumika. La pili ni Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizikazia katika miaka ya 1970. Jumuiya husali nyumbani mwa watu, mtoto akikaa mkekani kati ya mama yake na jirani. Kwa mara ya kwanza tangu ngome ya Karema, jibu la katekisimu likapata tena maisha ya kulieleza, na safari hii ndani ya nyumba ya mtoto mwenyewe.

Jimbo la Mpanda lilizaliwa mwaka 2000 kutoka Jimbo la Sumbawanga, lililokuwa limerithi Karema ya zamani. Sitalike imo katika nchi hiyo, kusini mwa mji wa Mpanda, penye lango la hifadhi. Darasa la shule ya msingi huko si la Wapimbwe peke yao. Wamo Wafipa, Wabende, Wakonongo, Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao, Waha, na watoto wa watumishi wa hifadhi kutoka mikoa mingi. Upande wa Mpanda wako pia watoto na wajukuu wa watu wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, wakapewa makao Katumba, na baadaye Mishamo tangu mwaka 1978. Mwaka 2014 watu zaidi ya 160,000 wa makao hayo na ya Ulyankulu walikamilishiwa uraia wa Tanzania. Wengi wao walikuja wakiwa Wakatoliki, na rozari zao mikononi.

Tofauti na watoto wa kale wa Karema, hawa wote wana bibi. Naye bibi ana jina lake la Mungu. Mtoto wa Katumba na mtoto wa Kiha husikia nyumbani *Imana*. Mtoto wa Kifipa aliye na babu mzee husikia *Leza*. Msukuma husikia *Liwelelo* au *Seba*, na Mkonongo, aliye ndugu wa Mnyamwezi, husikia *Limatunda*, yaani Muumba. Shuleni wote husema *Mungu*. Mwalimu asiyeyajua majina hayo hufundisha kana kwamba habari za Mungu zilifika Sitalike kwa njia ya barabara ya Mpanda. Anayeyajua aweza kuuliza darasani: nyumbani kwenu Aliyetuumba anaitwaje? Tumesikia ya kuwa swali hilo huondoa uvivu wa kipindi cha saa nane mchana kuliko wimbo wowote.

Majina hayo yanakusanyika kwa urahisi, lakini maneno ya *dhambi*, *toba*, *baraka* na *kiapo* katika Kipimbwe, Kibende na Kikonongo hayajakusanywa ipasavyo, na wanaoyajua ni wazee. Twawaomba walimu na mapadre walioko Usevya, Inyonga, Uruwira, Karema na Mishamo wayaandike kama bibi na babu wanavyoyasema, pamoja na mfano wa sentensi na jina la kijiji, bila kuyasahihisha ili yafanane na Kiswahili.